Hasa Meno

Mara ya kwanza kwenda ukweni Mombasa nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: nisiaibike. Mimi mzaliwa wa Nyahururu, na Kiswahili chetu ni cha "iko". Mtoto iko, ng'ombe iko, chai iko.

Mama mkwe alikuwa jikoni, ameshavunja nazi mbili. "Mwanangu, mbuzi iko uani, nyuma ya mlango. Ioshe vizuri, hasa meno, kisha uilete."

Nilifurahi mno. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa mbuzi. Na kweli, uani palikuwa na beberu mweupe (kumbe wa jirani, amefungwa pale akingoja akika). Hilo la meno lilinitatiza kidogo, lakini nikajiambia watu wa pwani wanapenda usafi.

Nikachukua ndoo, sabuni na brashi ya kufulia. Mwili haukunisumbua. Mdomo ndio uliokuwa vita. Nilipofaulu kuufumbua, chini meno yamejipanga, juu mbele ufizi mtupu. Mbuzi wote wako hivyo, ila mimi sikuwahi kuchungulia.

"Mama! Meno ya juu hakuna!"

"Ishazeeka hiyo," akajibu kutoka ndani. "Nililetewa harusini kwangu. Lete hivyo hivyo, nitaikalia mwenyewe."

Nikamtazama beberu. Harusini? Basi amemzidi mume wangu umri. Na huyo wa kumkalia ana mwili wake, mashallah. Nikamkokota kwa huruma.

Kufika jikoni akaniponyoka, akafagia dania yote iliyokuwa kwenye sinia. Mama mkwe akanitazama, akatazama brashi mkononi mwangu, akaanguka kicheko mpaka leso ikamvuka. Mume wangu akatoka uani, akarudi na kibao cha kukunjana chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi ya kukunia nazi.

"Angekuwa mnyama, mama angesema yuko, mwoshe, mlete," akaniambia. "Hukusikia?"

Kusikia nilisikia. Lakini mtu aliyelelewa na ng'ombe iko atashtuka vipi?

Jioni mama mkwe alitaka kufukiza udi. "Mwanangu, nitilie kaa kwenye chetezo."

Nikasimama mlangoni, miguu mizito.

"Mama, kaa la moto, au kaa wa baharini?"