Mwanafunzi wa Famasi Anajifunzia Wapi Kusema Hapana?

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika manispaa ya Moshi, Tanzania. Watu waliingia kwenye maduka ya dawa wakijifanya wateja, hawana cheti cha daktari. Takribani maduka 9 kati ya kila 10 yaliwauzia antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Kisheria dawa hizo hazitoki bila cheti, na ni vigumu kuamini kwamba wauzaji wale hawakulijua hilo.

Takwimu hiyo hunirudisha kila mara kwenye swali moja: kilikosekana nini pale kaunta? Sheria ipo, Baraza la Famasi lipo, wakaguzi wapo. Nadhani kilichokosekana ni mtu mwenye ujasiri na maneno. Mama amefika na elfu tano mkononi, mkojo unamuunguza, jirani ameshamwambia ni UTI, na dawa anayoitaka anaitaja kwa jina. Kumwambia akapime kwanza, umwambie kwa namna ambayo hataona amedharauliwa, tena asitoke hapo kwenda moja kwa moja duka la pili, ni kazi ngumu kuliko kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake. Dozi ya mtoto ina kanuni yake. Mazungumzo na mama yule hayana kanuni, na chuoni hufanyiwa mazoezi kwa dakika chache tu, mbele ya mwalimu anayeigiza mgonjwa, ambaye hajaja na hela wala hana maumivu.

Kwa sababu hiyo naona ubishi wetu kuhusu wanafunzi wa famasi na shughuli zao za nje ya darasa, kama zinawajenga au zinawapotezea muda, unaanzia pasipo pake. Unaanzia kwenye muda: saa ngapi alikuwa maktaba, saa ngapi alikuwa kwenye kampeni. Mwanafunzi anayeonekana kila kongamano na kila uchaguzi wa chama anaitwa mwanasiasa wa chuo, mkusanya vyeti vya kupamba wasifu. Wapo wa namna hiyo, na sina nia ya kuwatetea. Lakini jina hilo limewafunika pia vijana wanaojifunza, huko nje, sehemu ya taaluma ambayo ukumbi wa mihadhara hauna uwezo wa kuwapa.

Chukulia kazi ambayo wanachama wa TAPSA, chama cha wanafunzi wa famasi nchini, wamekuwa wakiifanya ya kwenda shule za sekondari kuzungumza kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa mbali utaona fulana, bango na picha ya pamoja. Sogea karibu. Huyu kijana amesomeshwa famakolojia, elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza: vitabu, mihadhara, testi, mitihani ya mwisho wa muhula, kila kitu. Wagonjwa atakaowahudumia maisha yake yote watazungumza naye Kiswahili, au Kisukuma, au Kihehe. Sasa amesimama mbele ya kidato cha pili na anatakiwa aeleze, bila slaidi, jinsi bakteria wachache walionusurika wanavyozaliana na kurithisha uwezo wao wa kuhimili dawa. Wengi hukwama dakika za mwanzo. Wanagundua kwamba walikuwa wamekariri, na kwamba kukariri kunatosha kwa msahihishaji lakini hakumtoshi mtoto anayekukodolea macho.

Kisha mtoto ananyoosha mkono: "Dokta, kama nimeshapona siku ya tatu, kwa nini nimalize vidonge?"

Swali hilo si dogo hata kidogo. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kwamba kwa maambukizi mengi ya kawaida, ushauri wa kumaliza dozi kama kinga dhidi ya usugu hauna ushahidi wa kutosha, na kwamba kumeza antibayotiki kwa siku nyingi kuliko inavyohitajika ndiko kunakochochea usugu huo. Kwa kifua kikuu mambo ni mengine kabisa. Ukikatiza dawa hapo unajitafutia ugonjwa sugu, na hilo halina mabishano. Kwa hiyo jibu sahihi kwa mtoto yule linahitaji kutenganisha ugonjwa na ugonjwa, kueleza kwamba siku za dozi huamuliwa na aliyekupima wala si na unavyojisikia asubuhi, na kukiri kwamba sayansi bado inalichunguza jambo hili. Mwanafunzi aliyejibu kwa kaulimbiu atamaliza siku yake salama. Aliyeguswa na swali atarudi chuoni kulitafuta jibu, na safari hii atasoma bila kutishwa na sapu, ule mtihani wa marudio. Nawaomba walimu walitazame hilo kwa jicho la huruma kidogo, maana ndicho kitu wanachokililia kila muhula: mwanafunzi anayesoma kwa sababu anataka kujua.

Na jambo lenyewe analohangaikia si la pembeni. Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet Januari 2022 yanasema watu milioni 1.27 walikufa duniani mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, idadi inayozidi vifo vya malaria na inayozidi vya UKIMWI kwa mwaka huo. Eneo lililokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo kwa idadi ya watu ni Afrika Magharibi, si Ulaya. Mpango wa taifa wa Tanzania wa kupambana na usugu ulianza 2017. Mpango huo, kama mipango yote ya aina yake, unaishia mikononi mwa mtu aliyesimama kaunta.

Hoja za upande wa pili zina uzito, na nyingine zinanisumbua.

Ya muda ndiyo inayosikika zaidi, ingawa kwangu ndiyo nyepesi. Shahada ni miaka minne iliyobanwa, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Mfamasia asiyejua mwingiliano wa dawa za moyo na dawa za fangasi ni hatari, hata awe mzungumzaji hodari namna gani. Aliyeanza kubeba masomo aliyofeli aondolewe kwenye uongozi wa chama mpaka atengemae, na vyama vyenyewe viwe vya kwanza kumwondoa. Hapo sina ubishi na mzazi yeyote.

Nzito zaidi ni hii: pengine wanaojitokeza kuongoza walikuwa na ujasiri huo tangu kwao. Tukiwaona baadaye wakifanya vizuri kazini tunaisifu kampeni kwa kazi iliyofanywa na malezi, au na shule waliyotoka. Kwa kuwatazama viongozi peke yao hatuwezi kuikanusha hoja hii. Ninachoweza kusema ni kwamba inabomoa sifa za viongozi tu. Haimgusi yule mkimya wa safu ya nyuma aliyepelekwa shuleni kwa sababu zamu ilimwangukia, akatetemeka mara ya kwanza, na mara ya tatu akawa anacheka na wanafunzi. Huyo ndiye kipimo, na kwa bahati mbaya mara nyingi ndiye tunayemwacha abaki hosteli.

Halafu kuna fedha. Kongamano nje ya nchi lina ada, pasipoti, viza na nauli. Mpango wa kubadilishana wanafunzi wa IPSF, shirikisho la dunia la wanafunzi wa famasi lililoanzishwa 1949, unafungua milango mizuri, lakini anayesubiri bumu la Bodi ya Mikopo ili ale hawezi kuufikia kwa urahisi. Waajiri wakianza kuwapima wahitimu kwa makongamano, watakuwa wanapima mfuko wa mzazi. Hoja hii naikubali yote. Ila inanisukuma kutaka shughuli zisizo na gharama, zilizo umbali wa daladala moja kutoka chuoni, badala ya kuzifuta zote kwa sababu baadhi ni ghali.

La mwisho ni lile la mwenye duka. Mtu anaweza kuniambia, na atakuwa na haki, kwamba mauzo yale ya Moshi hayatibiwi kwa ufasaha wa mfamasia. Mwenye duka anahesabu mapato ya jioni. Katika maduka mengine cheti cha mfamasia kinaning'inia ukutani na mwenyewe hayupo. Anayeuza ni mwajiriwa anayeogopa kupoteza kibarua. Kampeni za wanafunzi haziwezi kuliondoa tatizo hilo, kwani ni la ukaguzi na la mishahara. Bado siku mfamasia atakapokuwepo dukani, kutakuwa na tofauti kati ya anayejua tu kukataa na anayejua kukataa kwa namna itakayomfanya mama yule arudi na majibu ya maabara. Wa pili hamwingizii tajiri hasara, na kwa hiyo ana nafasi ya kuendelea kukataa kesho.

Wapo wanaopendekeza njia ya kati: kama stadi hizi ni muhimu kiasi hicho, ziingizwe kwenye mtaala. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kilianza kutumia mitaala inayozingatia umahiri, yaani kile mwanafunzi anachoweza kukifanya, tangu 2011, na ni hatua ya kupongezwa. Nasita tu kuliweka kila kitu humo. Kazi ikishapewa alama, mwanafunzi huanza kumtazama anayetoa alama, wakati uzuri wa pale darasani kidato cha pili ni kwamba hakuna wa kumridhisha isipokuwa msikilizaji. Kinachohitaji mkono wa chuo ni usimamizi. Wanafunzi hawajasajiliwa kama wafamasia, wakiweka hema la kupima presha na kuanza kuwashauri watu wabadilishe dawa zao, wanavuka mpaka na wanaweza kumdhuru mtu. Kila shughuli iwe na mfamasia aliyesajiliwa anayewajibika kwa kinachosemwa pale, si mgeni rasmi wa kufungua na kuondoka.

Vyuo vinavyotaka kusaidia vina mengi ya kufanya bila bajeti kubwa. Wamtaje mhadhiri mmoja wa kuvilea vyama hivi na wamhesabie kazi hiyo kwenye mzigo wake wa wiki. Zamu za kwenda shuleni na sokoni zizunguke kwa darasa zima, wakimya wakiwemo, badala ya kubaki kwa watu wale wale wanne. Na kuanzia Novemba 18 hadi 24, wiki ambayo dunia nzima huzungumzia usugu wa dawa, idara za famasi zisipange testi.