Daktari kaniuliza, “Wewe waonaje?”

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kliniki hapa Columbus, Ohio, kupima presha. Presha ikawa sawa, alhamdulillahi, nikaanza kutengeneza mtandio wangu nitoke. Daktari akatazama kompyuta yake akasema: una miaka 39, hujapata chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, huku inaruhusiwa mpaka miaka 45. Wewe waonaje?

Mimi naonaje? Nimepanda mabasi mawili, nimetoa kadi ya bima, nimevua viatu kwenye mizani, halafu naulizwa mimi? Nikamwambia, daktari ni wewe, sema. Akacheka. Akanieleza taratibu kwamba chanjo hii huzuia kirusi kabla hakijaingia, haikitoi kilichokwisha kuingia, na ndiyo maana hupewa watoto. Kwa mtu mzima aliyeolewa miaka mingi, faida hupungua. Lakini hii ya sasa inakinga aina 9 za kirusi, na si rahisi mtu awe amezipata zote. Kwa hiyo kwa umri wangu si lazima, si kosa. Tunaamua pamoja.

Nikasema nitafikiria. Nikaenda kukaa kituo cha basi na, mimi mtoto wa Mkomani, Lamu, badala ya kufikiria nikampigia mamangu.

“Chanjo ya nini na weye mtu mzima?” akauliza. Halafu, sauti chini kidogo: “Kwani mumeo ana nini?”

Hakuuliza inauma au la. Hakuuliza pesa ngapi, wala kama ina madhara. Aliuliza mume. Ndipo nikaelewa kwa nini swali la yule daktari lilinichoma. Huku chanjo ni habari ya bega langu. Lamu ni habari ya bwana wangu. Kitu kimoja kuhusu kirusi hiki kila mtu anakijua, kwamba hupitia kitandani, na kwa hicho kimoja mke anayeomba sindano amekwisha kutoa ushahidi, ama dhidi ya mumewe ama dhidi ya nafsi yake. Sihitaji kufafanua. Mnajua nani ana nyumba ya pili Mombasa, na mnajua nani anajifanya hajui.

Na msiniambie tatizo ni ujinga. Dada yangu si mjinga. Serikali ilipozindua chanjo hii pale Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10, bila malipo, alimpeleka binti yake bila kumwuliza mtu. Kelele za chanjo ya pepopunda za 2014 alizisikia kama wengine, kwamba twafungwa vizazi, na akampeleka vilevile. Nilijivuna hapa kazini, nikawaambia wenzangu kwetu mtoto hachanjwi kwa bima, huchanjwa kwa kuwa ni mtoto. Lakini dada huyohuyo alipoambiwa na mkunga, “Na wewe njoo tukupime mlango wa kizazi,” alijibu, “Mimi nina nini?” Kwa mtoto ni chanjo tu. Kwa mama yake ni shutuma.

Nilikuwa na miaka kumi na sita shangazi yetu alipougua. Alikwisha kukoma hedhi, na damu ikarudi. Kila mwenye ulimi alikuwa na jibu: umri, jini, maji ya kisima. Ninachokumbuka ni chetezo. Asubuhi mpaka usiku udi ulifukizwa chumbani mwake, na tulioingia kumpa mkono tulijua unafukizwa kufunika nini, na hakuna aliyesema. Khanga zake zilifuliwa usiku, zikaanikwa ndani, si kwenye dari ambako majirani wangeziona. Alipovushwa bara, Mokowe, kupelekwa Mombasa alikuwa amekwisha kuwa mwepesi, baharia mmoja alimbeba peke yake. Neno saratani nililisikia mara ya kwanza matangani, tena kwa wageni. Saratani hii ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 Kenya kila mwaka. Mimi nikiisikia hesabu hiyo nanusa udi.

Najua mtakachosema. Ameshakuwa mzungu huyu. Amesahau chombo kilichomvusha. Sawa. Mimi nitakuwa mzungu lini, na mpaka leo nikipika wali bila nazi watoto wangu wananiuliza kama ninaumwa? Na wewe unayeandaa jibu kwamba heri kujihifadhi kuliko kuchanjwa, nakuuliza tu: shangazi yangu hakuwahi kumjua mwanamume mwengine katika maisha yake. Alijihifadhi. Je, na mumewe alijihifadhi?

Wala sisemi Marekani ni pepo. Ngoja niwape kisa cha binti wa ami yangu. Alikuwa na miaka 24 mwaka 2009, anashughulikia karatasi za ukaazi. Wakati huo, tangu 2008, serikali ya huku iliwalazimisha wasichana na wanawake wahamiaji wa miaka 11 mpaka 26 kuchanjwa HPV ndipo wapewe ukaazi. Raia wao wenyewe hawakulazimishwa. Sindano moja ilikuwa kama dola 120, na zilitakiwa tatu. Hakuna aliyemwuliza yeye aonaje! Watu walipiga kelele, na ilipofika Desemba ya mwaka huohuo sharti likafutwa, yeye ameshachomwa. Mpaka leo akisimulia hukasirika. Lakini katika ukoo wetu mzima, sisi wanawake wazima, aliyekingwa mapema ni yeye pekee, na ni kwa sababu hakupewa nafasi ya kumpigia mamake simu. Nalichukia jambo hili na siwezi kulikanusha.

Basi nilirudi. Sindano ya kwanza bega la kushoto; ya pili itakuwa baada ya miezi miwili, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Mume wangu nilimwambia jioni, tukiwa tunakula. Akauliza kama bima inalipa. Inalipa. Akaomba chumvi.

Nikafanya kosa la kuandika haya yote katika gurupu la ukoo kwenye WhatsApp. Nikaongeza kwamba kwa mwanamke mzima wa Lamu chanjo ni ya mwenye pesa, serikali inawapa watoto. Kinachomhusu mtu mzima ni kupimwa, na kipimo chenyewe ni siki, kama ile ya achari: hupakwa kwenye mlango wa kizazi, husubiriwa dakika moja hivi, penye dalili hugeuka peupe, na pengine hutibiwa siku hiyohiyo kabla haijawa saratani. Hata mimi niliyeanza kuchanjwa bado napimwa. Kaka mmoja akajibu kwa aya mbili kuhusu njama za Wazungu. Ami akaniombea dua ya hidaya. Mamangu akatuma ua. Watu ishirini na saba wakasoma wakanyamaza.

Saa sita usiku za huku, asubuhi ya kwenu, ujumbe wa faragha kutoka kwa wifi yangu, yule ambaye tangu harusi hatujazungumza ila sikukuu: “Hiyo siki hupaka nani? Mwanamume au mwanamke?”

Sikulala. Nilimtafuta mkunga mmoja ninayemjua tangu chuoni, anafanya kazi hukohuko kisiwani. Akanijibu baada ya swala. Nikamtumia wifi maneno mawili tu: mwanamke, Jumatatu.