Wakili wa mashaka mbele ya jeneza la kaka yake

Robert Ingersoll, mtoto wa mchungaji, alizaliwa jimbo la New York mwaka 1833. Akawa wakili, akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa Kaskazini, kisha akazunguka Marekani akijaza kumbi za watu waliolipa kiingilio wamsikie akieleza kwa nini haamini. Alijiita agnostiki, yaani mtu anayesema kuhusu Mungu "sijui". Neno hilo Mwingereza Thomas Huxley alilibuni mwaka 1869. Mihadhara ya Ingersoll leo inapatikana bure mtandaoni, na wapo wanaoona kuwa kuisoma ni kuchezea moto.

Hofu hiyo siibezi. Ingersoll anayasoma maandiko kama wakili anayemhoji shahidi wa upande wa pili. Katika mhadhara wake kuhusu makosa ya Musa anapiga hesabu ya mvua ya siku 40, wanyama wote wale, na safina yenye dirisha moja. Ukumbi ulicheka. Lakini muumini anayesoma habari za Nuhu ili ajifunze utii na rehema hajajibiwa chochote hapo. Kijana asiye na wa kumuuliza anaweza kudhani kesi imekwisha, kumbe kasikia upande mmoja tu.

Hata hivyo, kuna usiku mmoja wa baridi kali anaousimulia Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa. Alikuwa akielekea Peoria, Illinois, akihofia kwamba hoteli ingemkataa kwa sababu ya rangi yake, atembee barabarani hadi asubuhi asije akaganda. Rafiki akamwambia: yupo mtu mjini humo atakayekufungulia mlango saa yoyote, naye ni Ingersoll. Hoteli ilimpokea, lakini asubuhi alikwenda kumwona, akakaribishwa kwa furaha. Mji ule ulikuwa na makanisa, na bado jina lililotajwa lilikuwa la asiyeamini. Kwangu hilo lina uzito kuliko hesabu zote za safina. Ila Douglass mwenyewe aliwahi kuwa mhubiri wa Kimethodisti, na mwaka 1845 aliandika akitenganisha dini ya Kristo na dini ya wenye watumwa. Ingersoll akiwa jukwaani mara nyingi hakujali tofauti hiyo, na hapo ndipo ninapomlaumu.

Mwaka 1879 kaka yake, Ebon, alifariki, na yeye ndiye aliyesimama kumuaga. Hakukejeli mtu. Alisema kwamba katika usiku wa kifo tumaini huona nyota, na upendo unaotega sikio husikia mchakacho wa bawa. Hakudai kujua, wala hakuufunga mlango. Hotuba hiyo inasomwa kwa dakika chache, nami ndiyo ningempa kwanza yeyote anayetaka kumjua Ingersoll, awe wa msikitini, wa kanisani au asiyekwenda popote.