Mwizi wa Kuku, Sehemu ya Saba

Jamani, kuandika mtandaoni ni kama kuoga maji ya baridi hapa Uyole, Mbeya, mwezi wa saba. Hakuna aliyekutuma, na ukishaanza huwezi kuishia katikati, povu liko kichwani.

Mimi nauza viazi. Mchana niko sokoni, usiku watoto wakilala najifunika mablanketi mawili, simu kifuani, naandika hadithi. Ukiniuliza kwa nini, sitakudanganya: nilidhani kuna hela. Niliona wenzangu wanatoa sehemu tano bure, halafu "zilizobaki tuma buku jero". Nikasema, hee, hata viazi havina faida hiyo! Nami nikafika ya tano, nikakata pale pale mwanamke anapofungua mlango, nikaweka namba. Akatuma mtu mmoja. Shilingi mia mbili, na ujumbe: "Shika hiyo kwanza, nyingine nikivuna."

Nikawaza kufungua blogu, niheshimike. Kijana wa stesheneri akanikumbusha kanuni za serikali za 2018 za maudhui ya mtandaoni: maombi laki moja, leseni milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka. Kanuni zilikuja kubadilishwa, lakini moyo wangu ulishashtuka. Mtaji wangu wote, pamoja na mzani, haufiki huko. Nikabaki kwenye magrupu.

Wasomaji nao wana tabia za wanunuzi wa lumbesa. Watu wa Vipimo wanasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anataka lishonewe kilemba juu mpaka lifanane na mama wa miezi tisa. Naandika maneno 800 kwa kidole gumba kilichokufa ganzi, najibiwa: "Fupi sana, ongeza." Hata hujambo hakuna. Mwingine anakopi yote, anafuta jina langu, anaweka lake na picha amevaa suti. Nikimfuata: "Kaka, si nakutangaza?"

Bando silisemi, litanipandisha presha. Ila simu yangu ina ujuaji! Naandika "wali", yenyewe inaweka "wall". Waombolezaji wangu wakala ukuta na maharage. Nilitaka watu walie; sehemu ile ya msiba ndiyo iliyochekwa kuliko zote.

Hayo nimezoea. Balaa limeletwa na mwizi wa kuku. Nilimtunga mwenyewe, haki ya Mungu. Nikamvisha koti la kaki, nikampa kikohozi, nikamficha nyuma ya nyumba ya mjane, nikaandika "itaendelea", nikalala.

Asubuhi sijafungua hata gunia, jirani huyu hapa. "Baba Tumaini, umenidhalilisha."

"Wewe mbona hukohoi?"

"Baridi ikizidi nakohoa."

Saa nne akaja wa pili, koti lenyewe la bluu. Huyu alinivuta pembeni: "Ndugu yangu, si ungeniita tukayamaliza kiume, mpaka uniweke mtandaoni?" Nikaapa simjui mwizi yeyote. Akaniambia hata mjane amemtambua.

Jioni akaja wa tatu, mzee wangu kabisa, mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani. Hakugusa habari za kuku. Alinunua sado mbili, akalipa bila kuomba nyongeza (hapo ndipo nilipoanza kuogopa), akaangalia huku na huku, akainama.

"Mwanangu, hiyo sehemu ya saba... anakamatwa?"

"Mzee, bado sijaandika."

"Basi fikiria vizuri."

Watatu! Na mtaa huu miaka yote tunamsingizia kicheche.

Usiku sikupata usingizi. Nikaandika sehemu ya saba: mwizi akaota marehemu mama yake, akaingiwa na huruma, akarudisha kuku kwa siri. Nikaituma bila hata kuisoma mara ya pili, bando lilikuwa linakata roho.

Alfajiri, ukungu umefunika mpaka choo, nafungua mlango nakuta kuku wawili wamefungwa miguu kwa katani, jogoo na mtetea. Mimi sijawahi kufuga kuku, sijawahi kuibiwa kuku. Nikasimama pale na kandambili zangu, sijui nimrudishie nani.

Mama Tumaini hakuuliza kitu. Mtetea alimfungia jikoni, akabandika maji ya kumnyonyolea jogoo. Kisha akanipa elfu moja ya bando, kwa mkono wake mwenyewe, na kuniambia sehemu ya nane nimwandike mwizi wa mbuzi.