Anayepigwa Picha Ana Haki ya Kuulizwa

Miongoni mwa mambo ambayo simu janja imeyabadilisha katika maisha yetu ya hadharani hapa Mtwara, linaloniumiza zaidi si lile linalolalamikiwa kila siku, la watu kuketi baraza moja huku kila mmoja ameinamia kioo chake. Hilo lina ubaya wake, lakini aliyeinamia simu yake anajinyima mwenyewe mazungumzo. Zito zaidi ni pale simu inapoinuliwa na kuelekezwa kwa mtu mwingine ambaye hakuulizwa, tena mara nyingi kwa mtu asiye na nafasi ya kukataa: majeruhi aliyelala barabarani, mfiwa aliyezidiwa na kilio, mtoto wa kike anayetolewa unyagoni, na hata maiti.

Ajali ya bodaboda inapotokea kwenye barabara ya kwenda Mikindani, watu hukusanyika upesi kama walivyokusanyika zamani, ila kilichobadilika ni kazi ya mikono yao. Nimemwona mama mmoja muuza samaki akivua kanga yake ya juu na kumfunika kijana aliyevunjika mguu, huku akiwasihi waliomzunguka: "Wanangu, huyu naye ana mama yake." Wapo walioshusha simu kwa haya, na wapo waliohamia upande wa pili ili wamwone vizuri zaidi. Picha za namna hiyo hufika mbali kabla majeruhi hajafika hospitali, na kuna familia zilizojua msiba wao kutoka kwenye kundi la WhatsApp. Kwetu habari ya kifo haitupwi tu mlangoni. Hupelekwa na mtu mzima, ambaye huketi, husalimia, huuliza nani yumo ndani, kisha hulisema neno lenyewe pale anapohakikisha kwamba anayeambiwa ana mtu wa kumshika. Utaratibu huo wote unavunjwa na kijana ambaye pengine hana nia mbaya, aliyetaka tu kuwa wa kwanza kurusha.

Hoja ya wanaotetea picha za msibani ninaijua, na ina haki ndani yake. Koo nyingi za Mtwara na Lindi zina watoto Dar es Salaam na mbali zaidi, na kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500. Kwa Waislamu maiti huzikwa mapema, hivyo wapo watoto ambao hawawezi kuwahi kumzika mzazi wao, na kwao video fupi iliyotumwa na kaka au shangazi ni faraja ambayo sitaki mtu yeyote anyimwe. Vilevile, Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kusini huko Somanga, wilayani Kilwa, picha za simu ziliwasaidia watu kuelewa kwa nini ndugu zao walikuwa wamekwama njiani. Simu, basi, sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni nani aliyeamua kwamba picha hii ipigwe na iende kwa nani. Shangazi anayemtumia mtoto wa marehemu video amefanya jambo la kifamilia. Jirani anayerekodi kilio cha mjane na kukiweka mtandaoni ili wasiomjua wakitazame amechukua kitu ambacho si chake.

Katika unyago jambo hili linanisumbua kuliko popote. Msimu wa jando na unyago, ambao siku hizi hupangwa zaidi wakati wa likizo za shule, una sehemu ya siri na sehemu ya hadharani, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili ulilindwa kwa vizazi vingi na nyakanga, yaani mama mkuu wa unyago, pamoja na masomo, yaani makungwi wanaowafunda mabinti, na wazee wa mtaa. Siku ya kuwatoa wali, yaani mabinti waliofundwa, ni furaha ya wote: watoto wamevalishwa kanga mpya, wamefunikwa vichwa, wanabebwa mabegani, na ndugu wanawatuza pesa. Hata hivyo, furaha hiyo ilikuwa ya watu waliokuwapo, ambao walimjua mwali ni binti wa nani na wangekutana naye kesho yake wakampa heshima yake. Leo picha yake, akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, inaweza kufika kwa watu wa mikoa mingine ambao huiandikia maneno machafu, na atakapokuwa mwanamke mzima bado itakuwapo. Baya zaidi ni kurekodiwa kwa zile ngoma za wanawake ambazo hazikukusudiwa kuonwa na wanaume wala watoto. Aliyerekodi ni mwanamke aliyealikwa ndani, na aliaminiwa na wenzake.

Wamakonde wana mfano mwingine katika ngoma ya mapiko. Mchezaji hufunikwa mwili mzima kwa nguo, kichwani akiwa na kinyago cha mti kilichochongwa, na ni mwiko kumtaja. Asiyepita jandoni hakutakiwa hata kujua kwamba mle ndani mna mtu. Nimeona vipande vya video vinavyomwonyesha mchezaji akivalishwa kichakani, na sura yake iko wazi. Wapo watakaosema kwamba mila hubadilika. Ni kweli, lakini hubadilishwa na wenyewe wakikaa na kukubaliana, na mtu mmoja mwenye simu hana mamlaka ya kuamua kwa niaba yao.

Zamani kidogo kizuizi kilikuwa ndani ya kifaa chenyewe. Mpiga picha alikuwa mtu mmoja anayejulikana mtaani, mkanda wake ulitoa picha 36, kila moja ilikuwa na gharama yake, na kwa hiyo aliita watu, aliwapanga na kuwasubiri wajiweke sawa. Simu zenye kamera zilipoanza kuenea Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wa huko waliliona tatizo mapema wakaziwekea mlio wa kupiga picha ambao mwenye simu hawezi kuuzima, ili anayepigwa picha ajue. Zinazouzwa kwetu hazina sharti hilo.

Sheria ipo, na ni vema ijulikane. Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Ujerumani imekwenda mbele zaidi: tangu mwaka 2021, kupiga picha inayomdhalilisha marehemu, kama zile zinazopigwa na watazamaji wa ajali, ni kosa la jinai. Ningependa nasi tufikirie kifungu kilicho wazi kama hicho. Hata hivyo, hakuna askari atakayesimama katika kila kaburi la Chikongola au kila kiwanja cha ngoma Tandahimba, na mfiwa hana nguvu za kufungua kesi katika siku za tanga.

Wenye nguvu hapa ni wale ambao tayari tunawasikiliza. Mzee anayesimama kabla ya jeneza kutolewa ili kutangaza madeni ya marehemu anaweza kuongeza sentensi moja: kwamba familia imemteua mtu wake wa kupiga picha, na wengine wote wanaombwa waweke simu mifukoni. Imamu na padri wanaweza kulisema jambo hilohilo makaburini, na ninaamini watatiiwa. Nyakanga, ambaye neno lake halipingwi na mama yeyote wa mtaani, aweke sharti kwamba simu zote zibaki nje kwa mtu mmoja anayeaminika, na anayekataa asiingie, hata akiwa dada wa mwali. Siku ya kutoa wali, wazazi ndio waamue ni picha gani zitoke nje ya ukoo. Viongozi wa vituo vya bodaboda, ambao vijana wao ndio hufika kwanza kwenye ajali nyingi, wakubaliane kwamba anayefika kwanza anaita msaada na kumfunika majeruhi, na kwamba atakayeonekana akirusha picha ya mwenzake aliyeumia atawajibishwa kituoni kama anavyowajibishwa anayemwibia abiria. Ningeomba mazungumzo hayo yaanze sasa, kabla ya likizo ijayo ya shule, kwa sababu majina ya wali yakishaandikishwa na siku ikishapangwa, hakuna mzazi atakayepata nafasi ya kuuliza jambo jingine.