Ndiyo, hapana, na kisa cha tatu

Mama mmoja anayeuza vitenge Kadutu, hapa Bukavu, alinigeuzia simu yake: "Feza imefika ao hapana?" Programu niliyomtengenezea ilikuwa imeandika "Imeshindikana". Muda si mrefu mteja wake akapata ujumbe kwamba dola 40 zimekatwa. Kosa langu. Kazi (function) ya kulipa, yaani kipande cha msimbo kinacholipa, niliiandika irudishe kweli au si kweli tu. Mtandao ulipokatika katikati, ikajibu si kweli.

Watetezi wa enumu, yaani aina ya data inayoorodhesha visa vyote vinavyowezekana, wangenicheka, na wana haki. Katika lugha ya programu ya Rust, kazi inayoweza kushindwa hurudisha Result: ama Ok iliyobeba jibu, ama Err iliyobeba sababu. Jibu hulipati bila kufungua bahasha, na ukitumia match, amri yenye tawi moja kwa kila kisa, ukasahau tawi moja, kompaila (programu inayokagua msimbo na kuugeuza uweze kukimbia) inagoma. Lugha ya Swift iliingiza Result yake katika toleo la 5, mwaka 2019. PHP ilipata enumu mwaka 2021, toleo la 8.1, lakini visa vyake havibebi data kila kimoja kwa namna yake, na tawi ulilolisahau kwenye match utaligundua programu ikishaanza kukimbia.

Wanaolalamika kwamba haya yanarefusha msimbo nao hawasemi uongo. Java ililazimisha watu kushughulikia makosa ya aina fulani. Wengi wakachoka, wakaandika catch tupu, yaani kosa linanaswa na hakuna kinachofanywa. Aliyechoka kwenye Rust anaandika unwrap, yaani anachukua jibu bila kuangalia kama ni Err, na kosa likitokea programu inaanguka mbele ya mteja. Kwa kiprogramu cha kuhesabu mauzo ya siku, mimi nisingejisumbua.

Ila Result peke yake isingeniokoa. Ningetia kukatika kwa mtandao ndani ya Err, na mama angesoma "Imeshindikana" ileile. Kompaila inalinda visa ulivyovitaja, usichokiwazia haikioni. Kwa hiyo sasa ninavyo vitatu: Imelipwa, Imekataliwa, Haijulikani. Hiki cha mwisho kinabeba namba ya muamala, ili programu iulize tena hali yake badala ya kulipa mara ya pili. Nilipokiongeza kwenye sealed class ya lugha ya Kotlin, yaani aina yenye orodha funge ya visa, kompaila ilinionyesha sehemu saba ambazo nilikuwa bado ninafikiria ndiyo na hapana tu. Hapo nilisadiki.

Nilirudi Kadutu na toleo jipya. Mama akasoma "Haijulikani", akaniangalia: "Sasa kitenge nimupe ao nisimupe?"