Kirusi kipya, rika la shangazi

Mafua yangu yalikuwa yale yale ya kila msimu: pua inachuruzika, sauti ya chura, basi. Mkosi ni kwamba yalinipata Januari 2025, vichwa vya habari vilipokuwa vinapiga mayowe kuhusu hMPV, kirusi cha njia ya hewa, huko China. Shangazi alikuwa anatusomea kwa sauti, miwani kwenye ncha ya pua: "KIRUSI KIPYA CHATIKISA DUNIA!" Nikapiga chafya.

Akanitazama juu ya miwani. "Ingia chumbani. Funga mlango."

"Shangazi, ni mafua tu."

"Na wao huko walianza hivyo hivyo."

Binamu yangu akawekwa mlangoni, lindo. Chai yangu ililetwa juu ya sinia, ikasukumwa ndani kwa mpini wa fagio, taratibu, na bado nusu ikamwagika kwenye soksi zangu. Binamu alikuwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, kaifunga kwa raba. Kumuuliza hali yangu? Wapi! Aliuliza tu kama nimemaliza kupumua, afunge.

Humo kifungoni nikapata wasaa wa kusoma habari yenyewe, maana waandishi wa vile vichwa hawatarajii mtu afike aya ya tatu. Kumbe kirusi "kipya" kiligunduliwa Uholanzi mwaka 2001. Tena watafiti walipopima damu iliyohifadhiwa tangu 1958, wakakuta kingamwili zake, yaani watu walishakiugua tangu enzi hizo. Nikamtangazia shangazi kupitia tundu la ufunguo kwamba kirusi ni rika lake.

Chakula cha usiku hakikuja.

Kufika kesho yake, mafua yangu yalikuwa yamevuka ukuta. Kwa jirani nilikuwa nina homa kali. Kwenye kundi la ukoo nilikuwa mahututi, na mjomba mmoja alishaanza kuuliza pikipiki yangu itabaki na nani.

Mchana dirishani akatokea rafiki anayenidai, barakoa mbili usoni, kasimama kule ng'ambo ya ua.

"Pole sana, ndugu yangu. Mungu mkubwa, utapona. Lakini tuseme tu... ile hela..."

"Ipo. Sogea nikupe."

Nikakohoa. Kikohozi sikuwa nacho, lakini nilikitafuta mpaka kikapatikana.

"Kaa nayo, ndugu yangu! Kaa nayo tu!" Sauti ilikuwa tayari inatokea barabarani.